Mfumuaji

Wenzangu walifuma. Mimi nilifumua.
Jumamosi tisa, barazani kwa ofisi ya kata, Pasua,
kazi yangu ilikuwa kukaa na gunia la masweta ya Memoria,
kutafuta uzi ulikoishia,
kuuvuta.

Sweta linakufa kuanzia shingoni,
mstari baada ya mstari, trrr,
hadi unabaki mpira wa sufu magotini
na kitufe kimoja usichojua ukiweke wapi.

Kitanda cha kufumia alikiunda Mzee Elinihaki,
wa reli zamani,
kwa chaga za kitanda alichofia mkewe.
Hakusema. Tulijua.
Akagongelea misumari mia na arobaini,
akiihesabu kwa sauti
kama mabehewa.

Zawadi yenyewe ni ya watu wa Kondoa.
Mwaka ule Mto Rau ulipoingia ndani bila hodi
ukatoka na magodoro,
wao, tusiowajua hata kwa sura,
walituma magunia matano ya mtama
na karatasi: Pokeeni. Nasi tumewahi kulala nje.
Bi Tunu akasema asante ya mdomo haifiki Kondoa,
inaishia Babati.

Basi tukatanda.
Mlima, bila shaka. Tukaugombania mlima.
Gadi wa bodaboda, anayekuja saa moja tu, helmeti mapajani,
alitaka Kibo peke yake, kama kwenye chupa.
Aikaruwa akamkata:
Na Mawenzi umempeleka wapi?
Kupigwa mchi na nduguye hadi uso ukavurugika
hakumtoi kwenye ukoo.

Ndivyo alivyosema Aikaruwa,
ambaye na Namsifu hawasemezani.
Elfu kumi na mbili za kikoba,
tangu kabla ya Pasaka.
Kila mmoja alishika upande wake,
na mshindio, usiojua madeni,
ukaenda kwa huyu, ukarudi kwa yule,
ukaenda.
Jumamosi ya kwanza, kimya. Ya tatu, kimya.
Ya tano Namsifu akasema, akiutazama uzi:
Legeza.
Mwenzake akalegeza.
Neno hilo lipo pale, mguuni pa Mawenzi,
safu nne zilizolala vibaya.

Kisha buluu ikatuishia.
Nusu ya anga bado mtande mtupu,
na gunia langu limebaki kahawia tupu.
Namsifu akanyanyuka, akaenda kwake,
akarudi na sweta la shule la mwanawe
(yuko Mererani, hajapiga simu tangu Januari),
akaniwekea mikononi.
Kwapani lilishonwa kwa uzi mweupe.
Nikamwambia, mama, hili siliwezi.

Aikaruwa ndiye aliyelichukua.
Akatafuta shingo, akang'ata uzi,
akavuta polepole,
na Namsifu akanyoosha mkono kuupokea,
akauzungusha kiganjani, akauzungusha,
hadi mkono wa kushoto wa mtoto ukaisha.

Hawakukumbatiana. Msingoje hilo.
Elfu kumi na mbili bado zinadaiwa;
mimi ndiye katibu, daftari ninalo.

Watu wa Kondoa watakitundika zahanati kwao.
Watasema, oneni mlima,
oneni anga lilivyokolea upande wa kulia.
Watadhani ni mawingu ya masika.
Kwa nyuma lipo fundo moja nene, lina alama ya meno.
Gadi alitaka tulikate, lisituaibishe.
Tukamwambia akawahi abiria wake.

Jioni Mzee Elinihaki akafungua kitanda,
akabeba chaga zake begani,
misumari yote ikiwa bado humo,
akashika njia ya kwake.
Usiku ule sijui alilalia nini.